Naripoti Masasi Jumatatu kama keshia wa benki, naogopa shoti. Wazoefu nisaidieni

Mwali_wa_Kaunta:

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni binti wa miaka 24, nilimaliza chuo cha biashara CBE mwaka jana. Baada ya kuzunguka na bahasha karibu miezi kumi, nimepata kazi ya keshia kwenye benki moja (jina naomba nilihifadhi). Wiki mbili za mafunzo tumezimaliza Ijumaa hapa Dar, na barua ya kituo ikasomeka Masasi. Nimezaliwa na kukulia Moshi, kusini sijawahi kukanyaga. Mama ameanza kufunga sweta kwenye begi, nimemwambia huko ni joto, hasikii.

Kinachoninyima usingizi ni shoti, yaani jioni pesa ya droo kupungua na wewe kuifidia. Dada yangu aliuza mafuta kwenye sheli miaka miwili na nyumbani tuliijua tarehe ya mshahara kwa kilio chake. Mwezi huu shoti elfu kumi, mwezi ujao elfu thelathini, pesa inafika imenyofolewa kama mkate uliopitiwa na panya. Sasa yeye alikuwa anashika laki tatu nne kwa siku. Mimi naambiwa nitashika mamilioni.

Kwenye mafunzo tulihesabu noti za mazoezi. Hapa nyumbani nimekata karatasi za mitihani ya mdogo wangu kwa ukubwa wa noti, nahesabu mia mia kila usiku. Mara napata 99, mara 101. Juzi nilipata 104, na karatasi ni zile zile.

Naomba mnieleze: shoti inatokeaje hasa, na ikitokea nafanyaje? Wateja wakali nawakabili vipi? Na hiyo Masasi, kuna chochote natakiwa kujua kabla sijapanda basi? Waliowahi kukaa dirishani naomba sana msipite kimya.

Chuma_cha_Reli:

Hongera binti. Mimi sijawahi kuwa keshia, ila nimekaa foleni za benki miaka ishirini, nina uzoefu wa upande wa pili wa kioo.

Nina moja tu. Usilambe kidole ukihesabu. Noti unayoishika imetoka kwenye soksi, kwenye sidiria, kwenye ndoo ya dagaa. Nunua kile kisifongo cha kulowesha vidole, ni bei ya maandazi. Nilimwona keshia mmoja Mwanza analamba noti za mama aliyetoka moja kwa moja mwaloni Kirumba. Mimi ndiye niliyeumwa tumbo kwa niaba yake.

Dirisha_Namba_Tatu:

Mdogo wangu, hongera sana. Naandika huku nahudumia wateja, kwa hiyo nitarukaruka, univumilie.

Nilikaa kaunta miaka kumi na moja, 2010 hadi 2021. Nilianzia Dar, na mwaka 2016 nikahamishiwa huko huko Masasi unakokwenda. Sasa nina kibanda changu cha uwakala Mtwara mjini. Dirisha langu lilikuwa namba tatu, karibu na mlango, mahali ambapo kila anayeingia anakuona wewe kwanza na kukuuliza choo kiko wapi.

Nianze na hofu yako. Shoti kubwa kuliko zote nilizowahi kupata sikuipata nikiwa mgeni. Nikiwa mgeni nilihesabu kila bunda mara tatu kwa mikono inayotetemeka, wateja wakanung'unika, na jioni pesa ikakaa sawa. Shoti kubwa ilinikuta mwaka wa saba, nilipokuwa naweza kuhesabu huku natazama mlango.

Ilikuwa Novemba 2017. Kama una ndugu wa kusini muulize kuhusu msimu ule: bei ya korosho kwenye baadhi ya minada ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Pesa za wakulima zilikuwa zinaingia kwenye akaunti kupitia vyama vyao vya msingi vya ushirika, na mji ukajaa. Watu walilala kwenye veranda ya benki wamejifunika khanga ili wawahi foleni. Saa nane mchana umeme ukakatika, jenereta likawashwa, na taa za jenereta unazijua, kila kitu kinakuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Akaja mteja ninayemfahamu, fundi ujenzi, anachukua milioni moja na nusu. Hiyo ni bunda moja la noti za elfu kumi, yaani noti mia, milioni. Na bunda moja la elfu tano, laki tano. Kazi ya nusu dakika. Lakini alikuwa ananisimulia harusi ya mdogo wake Nachingwea, jinsi bwana harusi alivyochelewa mpaka shehe akataka kuondoka, na mimi nacheka. Nikampa bunda jekundu, nikampa na jingine nikijua ni la zambarau. Akatia kwenye mfuko wa rambo (enzi hizo bado ilikuwa halali) akaenda zake.

Jioni nafunga, nimepungukiwa laki tano kamili.

Tumbo liliniuma papo hapo, sikufichi. Supavaiza wangu, mama mmoja mtulivu sana, akaniambia nisiguse chochote kwanza, nimtajie mchanganuo wa noti. Nikamtajia: za elfu kumi zimepungua mia, za elfu tano zimezidi mia. Akaanza kutabasamu. "Hujaibiwa," akasema, "umebadilisha." Tukarudia fomu zote za siku ile. Waliochukua bunda la elfu tano kwangu walikuwa watu watano. Tukawapigia. Wanne walipokea, wakaangalia, hawana kitu. Wa tano, fundi wangu, simu haipatikani.

Usiku ule sikulala. Nilipiga hesabu za mshahara wangu, za ada ya mtoto, nikafika mpaka kwenye kuuza friji.

Asubuhi nafika kazini, fundi amesimama mlangoni kabla mlinzi hajafungua. Alikwenda Nachingwea usiku na bunda moja akalipe mbao, jingine akamwachia mkewe. Mkewe ndiye aliyesema, hili nalo mbona jekundu? Bunda lilikuwa bado limefungwa, na ile karatasi ya kufungia ina muhuri wangu na tarehe. Alinidai soda, nikamnunulia kreti.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba: mchanganuo. Mfumo ukikutaka uingize noti ngapi za elfu kumi, ngapi za elfu tano, ingiza za kweli, usijaze tu ili jumla ikubali. Makeshia wengi wanajaza tu wakiona foleni ndefu. Siku ya shoti mchanganuo ndiyo tochi yako. Kama ningejaza tu siku ile, tungeona "laki tano imepotea" basi, na fundi asingepigiwa simu wala kukumbukwa.

Ila na mimi siyo kila mara nilibahatika. Kuna shoti ya elfu sabini ya mwaka 2013 sijui ilikwenda wapi mpaka leo hii. Nililipa.

Baada ya ile ya 2013 nikaanza kadaftari kadogo. Kila nikikosa kubalansi (hesabu kukaa sawa jioni), hata kwa mia tano, naandika kiasi na nilikuwa nafanya nini wakati kosa linatokea, kama nimelipata. Baada ya miaka nikakisoma chote: naongea, naongea, simu ya mezani, umeme, naongea, mteja amebadilisha mawazo, naongea. Hakuna hata mahali pamoja nilipoandika "sijui kuhesabu". Kwa hiyo hizo karatasi zako za mitihani endelea nazo, vidole vitazoea, lakini zoezi lako la kweli ni kunyamaza. Pesa ikiwa mkononi, mdomo umefungwa. Mteja akikusemesha mwonyeshe kiganja, maliza bunda, kisha mjibu. Hawakasiriki. Ni pesa yao unayoiheshimu.

Hapo kwenye "mteja amebadilisha mawazo" kaa chonjo. Atakuja mtu nadhifu anataka laki mbili za noti kubwa. Unampa. Anasema samahani dada, nipe nusu ndogo ndogo. Unaanza kubadilisha, anasema hapana rudisha hizi, nipe za elfu mbili, na hii elfu kumi hapa niongezee... Ndani ya dakika mbili hujui ipi yake ipi yako. Wengine ni wasumbufu tu, wengine ndiyo kazi yao. Dawa ni moja. Vuta pesa zote upande wako wa kioo, hesabu upya mpaka ujue umesimama wapi, ndipo uanze ombi jipya. Akisema ana haraka, basi ndiyo kabisa usiharakishe.

Sasa ujanja wa kutafuta kosa, huu tulifundishana wenyewe:

Tofauti ikigawanyika kwa tisa, shuku kwamba umegeuza tarakimu. Mteja kaweka 450,000 wewe ukaandika 540,000, shoti yako ni 90,000. Gawa kwa tisa, inaingia. Anza kutafuta muamala wenye tarakimu mbili zilizobadilishana viti.

Tofauti ikiwa shufwa, igawe kwa mbili na utafute muamala wa kiasi hicho. Mtu ametoa 120,000, wewe ukaingiza kama ameweka, jioni umepungukiwa 240,000.

Ikiwa kiasi ni cha bunda zima, angalia mchanganuo kama nilivyokueleza. Na ikiwa ni noti moja moja, inua mashine ya kuhesabia, chungulia chini ya droo, fungua pipa la karatasi. Nimewahi kuokota elfu kumi kwenye pipa, imejikunja ndani ya karatasi ya kufungia.

Mteja anapoweka pesa, usichanganye na za droo mpaka mmekubaliana jumla. Na karatasi au mpira aliofungia usitupe mpaka umemaliza. Akisema bunda lilikuwa kamili na wewe umepata 98, yote bado iko mbele yake, mnahesabu tena pamoja. Ukishaitumbukiza kwenye droo, hizo noti mbili ni zako na ugomvi ni wako. Mashine nayo usiiabudu. Nyingi zinahesabu vipande, hazijali kama katikati ya elfu kumi imelala elfu tano. Pitisha kwa mkono kwanza, jicho lako lione rangi, halafu mashine.

Nywila. Usimpe mtu hata kama ni rafiki mnayekula sahani moja. Ukiinuka kwenda chooni funga kioo cha kompyuta, funga droo, ufunguo uende na wewe. Mwenzetu mmoja aliacha kompyuta wazi akaenda kuchukua chai. Aliporudi kulikuwa na muamala uliofanyika kwa jina lake. Alisema siyo yeye na sote tuliamini siyo yeye. Kazi ilikwisha hivyo hivyo.

Na usikope kwenye droo. Hata elfu mbili ya nauli ya bodaboda utakayoirudisha mchana. Wakaguzi wa kushtukiza wanakuja saa nne asubuhi, hawasubiri mchana wako.

Haya, Masasi.

Utawapenda watu wake, ila ukitaka wakupende anza na shikamoo. Usimwambie mzee "namba ya akaunti?" kabla hujamwamkia. Mimi nilitoka Dar na haraka zangu, wiki ya kwanza mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi sijaja kugombana." Nilikuwa sijagombana naye, nilikuwa sijamwamkia tu.

Msimu wa minada huanza mwezi wa kumi, na hapo ndipo utaona watu. Wengi wanakuja benki mara moja au mbili kwa mwaka. Wapo wasiosoma, watatia dole gumba. Usimtie mtu dole kwenye karatasi ambayo hujamsomea. Msomee kiasi, mwulize ndicho anachotaka, fuata utaratibu wa tawi kuhusu shahidi. Na hao vijana wanaowasindikiza wazee, wengi ni wajukuu wema, wachache siyo. Mwulize mzee mwenyewe, macho kwa macho, pesa anazitaka zote leo? Nimeshaona mzee anatikisa kichwa kimya kimya huku mjukuu anasema "zote".

Usitaje kiasi kwa sauti! Hili linaniuma kila nikiingia benki nikasikia keshia anapaza "Mama, ni milioni nne na laki mbili eeh?" na foleni nzima inageuka. Andika kwenye kikaratasi, mgeuzie, atikise kichwa. Yule mama anatoka hapo anakwenda kupanda Noah na watu waliomsikia.

Sweta waachie Moshi. Chukua viatu vya chini na mtandio wa kujifunika kwa sababu kiyoyozi cha kaunta ni adui.

Mteja wa tatu kwenye foleni ananiangalia vibaya, nitarudi.

Kifungu_kwa_Kifungu:

Dada hapo juu ameeleza vizuri ila kwenye "nililipa" niongezee, maana watu wengi wanakatwa bila kujua haki zao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukukata mshahara kufidia hasara kienyeji tu. Hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako. Akuandikie chanzo, kiasi na jinsi alivyokipata. Upewe nafasi ya kupinga. Kisizidi hasara halisi. Na makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Kwa hiyo mtu kuchukuliwa nusu ya mshahara mara moja kwa sababu "umepata shoti" siyo sawa, na dada yako wa sheli naye angestahili kuulizia.

Ila usiwe mwepesi wa kuwasha moto. Ulinzi wa sheria hiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu aliye chini ya miezi sita kazini. Soma mkataba wako, hasa kipande cha matazamio (kipindi cha majaribio) na kile cha upotevu wa fedha. Na kila kitu kuhusu shoti kiwe kwa maandishi, hata kama supavaiza anakwambia "tutamalizana wenyewe".

Bado_Nipo_Kaunta:

Mimi bado nipo kazini, nyanda za juu, kwa hiyo niongeze mambo ya sasa.

Noti za zamani. Benki Kuu ilitangaza kuziondoa zile za kuanzia toleo la 1985 mpaka la 2003, pamoja na noti ya mia tano ya 2010, na dirisha la kuzibadilisha lilikuwa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Baada ya hapo siyo pesa halali. Lakini mpaka leo anatokea bibi na kitambaa kilichofungwa mafundo matatu, ndani kuna elfu kumi za 2003 alizoziweka chini ya kitanda. Huwezi kuzipokea. Na kumwambia ni kazi ngumu kuliko shoti. Mimi namwita meneja, tunamkalisha kitini, tunamweleza taratibu. Usimwambie pale dirishani mbele za watu.

Noti bandia. Ukiishika utaijua kwa kidole kabla ya jicho, inateleza kama karatasi ya daftari, haina ule mkwaruzo. Iinue kwenye mwanga utafute sura ya Mwalimu Nyerere, angalia ule mstari wa usalama, tia kwenye taa ya zambarau. Ukishajiridhisha, usimrudishie mteja. Hapo ndipo wageni wanakosea kwa huruma: "chukua mama, katumie kwingine." Hapana. Inazuiwa, inaandikiwa, inakwenda ngazi ya juu. Mara nyingi aliyeileta ni muuza nyanya aliyelipwa nayo gizani, kwa hiyo usimwangalie kama mwizi.

Mwisho, ukiona muamala unakutia shaka, mfano mtu anaweka pesa nyingi vipande vipande kila siku bila sababu inayoeleweka, mpe taarifa msimamizi wako na ukae kimya. Sheria ya utakasishaji wa fedha haramu inakataza kumtonya mteja kwamba ametolewa taarifa. Hata kwa utani.

Simu_Ndiyo_Benki:

Siyo nia yangu kumkatisha tamaa binti, lakini mnamfundisha kazi inayokufa. Nani anaenda kaunta siku hizi? Mitandao ya simu na mawakala wamemaliza kila kitu. Mimi mara ya mwisho kuongea na keshia nilikuwa nafungua akaunti. Miaka mitano hilo dirisha litakuwa na mashine.

Dirisha_Namba_Tatu:

Nimerudi.

Kaka, mimi ndiye huyo wakala unayemsema. Saa hizi nina floti (pesa ya uwakala iliyo ndani ya simu) imejaa na droo haina noti, nimefunga kibanda nakwenda wapi? Benki, kwa keshia. Wakala anapokea za laki moja moja, lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi, chama cha msingi, shule inayokusanya ada, parokia yenye sadaka za sarafu kwenye ndoo, hao wote wanaishia kwenye lile dirisha. Ni kweli matawi yanaajiri makeshia wachache kuliko zamani, hilo silikatai. Ndiyo maana namshauri asikae kaunta miaka kumi na moja kama mimi. Mwaka wa pili aanze kuulizia mikopo, huduma kwa wateja, meza ya nyuma. Kaunta inakufundisha watu, ukishawajua ondoka nao.

Na wewe Kifungu_kwa_Kifungu asante. Mwaka 2013 sikuijua hiyo robo. Ile elfu sabini nilikatwa yote mwezi mmoja.

Mwali_wa_Kaunta:

Jamani sijui nisemeje. Nimesoma yote mara mbili, na nimemsomea dada yangu ile ya robo, ameguna tu.

Dada Dirisha, swali moja. Shoti nimeelewa. Je, pesa ikizidi? Kwenye mafunzo mwenzetu mmoja aliambiwa na kaka yake kwamba ziada unaweka pembeni, siku ukipata shoti unaziba nayo.

Dirisha_Namba_Tatu:

Huyo kaka atamfukuzisha mdogo wake kazi.

Ziada ni pesa ya mtu. Kuna mtu mahali fulani anahesabu mfukoni hakumbuki, au akaunti yake imeingiziwa pungufu, na kesho atakuja na risiti yake. Akikuta ziada imetangazwa jana jioni na imeandikwa, unaonekana mwaminifu. Akikuta haikutangazwa, wewe ni mwizi mwenye sare. Itangaze siku hiyo hiyo hata ikiwa mia mbili. Pia mkaguzi akikuta elfu thelathini "ya akiba" imejificha kwenye droo yako, hakuna maelezo utakayompa akayakubali.

Ukifika Masasi niulizie ile miti ya miembe karibu na stendi kama bado ipo. Safari njema mdogo wangu, panda basi la alfajiri ili usiingie usiku.

Mwali_wa_Kaunta:

MREJESHO

Wakuu, leo ni Jumamosi, nimemaliza wiki ya kwanza. Siku tatu za mwanzo nilikaa nyuma ya keshia mwenyeji natazama, Alhamisi wakanipa dirisha. Ni namba mbili, dada, la tatu lina mwenyewe.

Nimekuwa mzito kweli. Jana baba mmoja aliniambia, "Binti, hizo noti unazihesabu au unazisoma?" Nikamwonyesha kiganja, nikamaliza bunda, ndipo nikacheka. Shikamoo nimezitoa mpaka nimemwamkia kijana wa rika langu, foleni ikafurahi.

Alhamisi nilibalansi. Jana nilibalansi. Leo ziada, shilingi 200.

Nilitamani kuitia tu kwenye mkebe wa sarafu, nani angejua. Nikamwambia supavaiza. Akavuta kiti, tukaanza fomu moja moja, dakika arobaini, wenzetu wanatusubiri na mabegi mabegani kwa sababu tawi halifungwi bila mimi. Tukampata. Mama mmoja alilipia ankara ya ardhi, 49,800, akanipa elfu hamsini. Chenji niliitoa, nikaiweka kwenye kisahani, lakini bajaji ilikuwa inampigia honi nje akakimbia, na mimi nikairudisha droo bila kufikiri.

Tumempigia. Amecheka sana, amesema atapita Jumatatu akitoka sokoni. Sarafu yake nimeifunga kwenye bahasha, nimeandika jina na tarehe, imelala ndani ya sefu pamoja na mamilioni.

Miembe ipo, dada. Mmoja umekatwa tawi la upande wa barabarani.